Mtoto Asome Mwenyewe

Tulimwita Afande, ingawa hakuwahi kuvaa gwanda la jeshi hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa geti katika shule moja ya bweni kando ya barabara kuu ya Jinja kwenda Iganga, upande wa Bugembe. Vifaa vyake vya kazi vilikuwa filimbi iliyofungwa kwa kamba ya kiatu na tochi isiyo na betri. Lakini alizungumza Kiswahili, tena kile cha kunyoosha mgongo, na kwetu Uganda mtu mzima akisemeshwa Kiswahili na mwanamume mrefu aliyesimama getini, mkono wake huanza kutafuta kitambulisho mfukoni kabla hajafikiri lolote. Hofu hiyo tumeirithi kwa wazazi wetu, waliokisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani enzi za wanajeshi. Afande aliijua vizuri. Aliitumia kwa kazi ambayo sijaona mtu mwingine akiitumia: kuwafanya wazazi wazungumze na watoto wao.

Sijui alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Watu walisema ni Mnubi, wa wale waliotokana na askari waliotoka Sudani zamani. Ijumaa alikuwa akienda kusali Walukuba. Sikumwuliza zaidi, na hilo ni ajabu, maana mimi huuliza kila kitu. Nilipokutana naye nilikuwa nimeshabeba samaki Masese, nimekata miwa Kakira, nimeuza kandambili Busia, na sasa nilikuwa napasua kuni za jiko la shule yake. Nilikaa hapo miaka miwili, muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote.

Namwandika kwa sababu ya binti yangu. Wakati ule alikuwa Mbale na mama yake, anayeuza malewa sokoni, zile chipukizi za mianzi zinazoshushwa kutoka mlimani. Mimi na mama yake tulikuwa tumeachana zamani. Nilikuwa nikipita Mbale mara mbili kwa mwaka, naketi na mtoto kwenye kibaraza, namwuliza shule inaendaje, anasema inaendelea vizuri, kisha tunatazama kuku. Niliogopa jambo moja: kwamba siku moja shida itampata, na mimi nitakuwa mtu wa mwisho kujua. Kama leo ananiambia mambo yake, sehemu kubwa ni kazi ya mlinzi yule.

Nianze na siku ya kufunga shule, maana hapo ndipo alipoonekana alivyo.

Kila mahali mambo huwa yale yale. Mzazi anafika, anapokea ripoti, jicho lake linakimbilia namba moja tu, ile ya nafasi ya mtoto darasani. Namba ikiwa nzuri, mtoto anapigwa begani na kununuliwa soda. Ikiwa mbaya, mtoto anatukanwa hapo hapo mbele ya wenzake, au ananyamaziwa mpaka nyumbani, jambo ambalo nadhani ni baya zaidi. Pale Bugembe walimu walikuwa na haraka ya kupanda magari, kwa hiyo bahasha za ripoti waliziacha kwenye meza ya Afande. Naye hakumpa mzazi bahasha. Alimpa mtoto.

Nakumbuka mama mmoja mwenye duka la vitenge mjini Jinja. Alikuja na boda, akamwambia dereva asizime injini.

"Nipe karatasi, afande, nina haraka."

"Haraka ya nani?"

"Yangu."

"Na ripoti ya nani?"

Mama akamtazama mwanawe, msichana wa darasa la tano aliyekuwa amekumbatia godoro lake. "Yake."

"Basi kaa kwenye benchi, mama. Mtoto asome mwenyewe. Wewe sikia. Akimaliza utauliza. Ukianza na namba, tunarudia kutoka juu."

Yule mama alikuwa mtu wa kubishana na madalali siku nzima, lakini alikaa. Msichana akasoma mstari kwa mstari. Kiingereza, maksi kadhaa, maneno ya mwalimu. Sayansi vivyo hivyo. Alipofika hisabati akasoma arobaini na moja, na kwamba mwalimu anasema aongeze bidii.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?" Afande akauliza.

Msichana akasema mwalimu wao wa hisabati aliondoka katikati ya muhula na huyu mpya anaandika ubaoni huku amewapa mgongo, akigeuka anafuta. Akasema yeye huogopa kunyoosha mkono kwa sababu wa kwanza kuunyoosha alichekwa. Mama yake akamwuliza mbona hakusema siku ya kutembelewa. Msichana akajibu kwamba siku ile mama alikuwa kwenye simu na watu wa Kampala.

Boda aliyekuwa akingoja akazima injini yake bila kuambiwa. Mama na binti walikaa pale benchi hadi chai ya Afande ilipoisha kwenye chupa. Sijui walisema nini, nilikuwa mbali na kuni zangu, ila niliona mama amevua viatu.

Si wote waliokubali. Baba mmoja mwenye gari kubwa alimwuliza kwa Kiingereza nani kampa mamlaka hayo. Afande akampigia saluti safi kabisa, akasema kwa Kiswahili kwamba hiyo ni amri, bwana mkubwa, na benchi ndilo hilo. Yule baba akatazama huku na huku, akaketi kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayesubiri kudungwa sindano. Mwanawe alisoma haraka haraka. Walipoondoka baba alikuwa bado amekunja uso, lakini godoro alilibeba yeye.

Kwa kuwa siwezi kuacha jambo bila kulichunguza, nilimwuliza mwalimu mkuu amri ile ilitoka wapi. Akaniambia ni kamati ya wazazi. Mwenyekiti wa kamati alipokuja kuangalia vyoo nikamwuliza naye, akasema ni mwalimu mkuu, na kwamba ni wazo zuri sana la kisasa. Nikamrudia Afande. Alikuwa anamenya muwa kwa meno.

"Hakuna aliyeuliza," alisema. "Watu wetu ukiwapa amri kwa Kiswahili, wanadhani imeshapigwa muhuri."

Ndivyo alivyokuwa, mwongo kwa mambo madogo. Siku za kawaida alilala kwenye kiti chake tangu saa nne hadi adhana ya adhuhuri, filimbi mdomoni, ili mtu akipita adhani yuko tayari kupuliza. Aliogopa mbwa. Mlinzi mzima, mbwa wa jirani akitokea alikuwa akiingia ndani ya geti na kuniita mimi na shoka langu. Walimu aliwadharau waziwazi, hasa vijana, akisema wanajua kufundisha somo lakini hawajui kumfundisha mtu. Wapishi walimpenda, wala hakuna aliyejua kwa nini, maana alilalamikia maharage yao kila siku.

Tena hakujua kusoma. Niligundua hilo siku mvua ilipolowesha bahasha, majina yakawa michirizi, na yeye akaendelea kuwaita watoto bila kukosea. Aliwajua wote kwa sura, na kila mtoto alikuwa amemwonyesha mapema ipi ni yake. Nilipomwuliza, hakukana. Alinisogezea kiti, jambo alilokuwa hafanyi, akanieleza habari ya mwanawe.

Mwanawe alipokuwa na miaka tisa alisoma shule moja ya kutwa. Siku ya ripoti Afande alikwenda kumchukua. Akapokea karatasi, na kwa kuwa hakutaka mtoto ajue baba hasomi, aliipeleka kwa boda mmoja aliyekuwa nje ya geti, akamwuliza mtoto amekuwa wa ngapi. Kwenye karatasi palikuwa na namba mbili zinazofuatana: nafasi ya mtoto, na jumla ya watoto darasani. Boda akasoma ile ya pili. Wa hamsini na mbili, akasema. Afande akageuka, akampiga mwanawe kofi mbele ya darasa zima. Mtoto hakusema kitu. Alikuwa wa nne.

"Wiki nzima sikujua," Afande aliniambia. "Mwalimu wake ndiye alinipongeza sokoni. Wa nne kati ya hamsini na wawili. Mtoto alikuwa anajua. Alikuwa anaweza kusoma. Nilikuwa na mtu anayesoma karibu yangu, nikaenda kumwuliza mtu wa pikipiki."

Nikamwuliza kama alimwomba mwanawe radhi. Akasema alimnunulia viatu. Sasa mwanawe ni fundi pikipiki Walukuba, mtu mzima mwenye watoto. Siku ya Idi anakuja, anasalimia, anakula, anaondoka. "Tunasalimiana vizuri sana," alisema. Baadaye nilimwuliza mbona hamkalishi mwanawe kwenye benchi kama anavyowakalisha wenzake. Akasema, "Kule nyumbani sina geti."

Siku za kutembelewa alikuwa na kazi nyingine. Wazazi walipanga foleni na vikapu vya kuku na chapati, naye akikagua vikapu aliwapa kila mmoja neno. Hakuwahubiria. Aliwaambia wasiulize namba na wasiulize kwa nini. Kwa nini, alisema, ni swali la polisi, mtu akiulizwa hilo anaanza kutunga. "Mwulize nani anakaa naye benchi moja. Mwulize jina. Ukirudi mara ya pili, uliza habari za huyo mwenye jina." Baadhi walicheka. Mzee mmoja wa Nalufenya alimwambia yeye ana watoto tisa, majina yao wenyewe yanamshinda, sasa aongezewe ya majirani wa benchi. Afande akamwambia aanze na mmoja leo, wanane watasubiri zamu. Mzee akaingia akicheka, na saa nzima baadaye nilimwona ameinama kwa kijana wake, mkono sikioni, akisikiliza.

Mimi nilikuwa napasua kuni na kuyasikia hayo muhula baada ya muhula kabla ya kutambua kwamba nami ni mzazi.

Nilikwenda Mbale. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitatu, amenipita begani. Tuliketi kwenye kibaraza kile kile, mbele ya kuku wale wale, nikamwuliza anakaa na nani benchi moja. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichouza. Kisha akasema, Nambozo. Basi, hayo tu. Lakini niliondoka na jina, na ndani ya basi nililirudia kama namba ya simu ninayoogopa kuisahau.

Safari ya pili nikauliza habari za Nambozo. Nikaambiwa ana kaka anayewabeba wote wawili kwa baiskeli hadi kwenye mteremko, anawashusha ili wasianguke wote, anawasubiri chini. Nikaambiwa Nambozo hulia akiona sindano. Nikaambiwa mengi. Mama wa binti yangu, aliyekuwa anachambua malewa ndani, alichungulia mlangoni kuhakikisha ni sisi tunaozungumza.

Kisha Afande akastaafu. Miguu ilimchoka, akaenda kukaa kwa mpwa wake kule kule Mbale, mtaa wa Namakwekwe. Hatukuagana vizuri. Nilijaribu kumshukuru, akaniambia nimalize kuni kwanza. Baada yake bahasha zikarudi kwa wazazi, na hakuna aliyeuliza amri ile ilikwenda wapi. Mimi nami nikaondoka, kwa sababu mimi huondoka. Nilikuwa Tororo, nikawa Malaba, miezi saba ikapita.

Safari ya tatu niliuliza tena, Nambozo hajambo? Binti yangu akasema hajui. Nikauliza sasa anakaa na nani benchi moja. Akatazama kuku. Neno kwa nini lilinifika kwenye ulimi, nikalimeza. Nilikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyodhani naweza, maana mimi ni mtu wa maneno, na mwishowe yeye ndiye aliyeuliza.

"Baba, wewe shule uliiachaje?"

Jibu la swali hilo nilikuwa nalo miaka yote. Nilikuwa namwambia kila mtu, na yeye pia, kwamba baba yangu alishindwa karo. Mchana ule nilimwambia ukweli. Kwamba karo ililipwa. Kwamba nilipokuwa darasa la sita mwalimu alinisimamisha nisome mbele ya wenzangu, nikakwama, wakacheka, na kesho yake nilivaa sare, nikabeba daftari, nikaenda kukaa karibu na daraja la reli pale Jinja. Na kesho yake tena. Miezi miwili niliondoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, sare safi, na hakuna mtu nyumbani aliyeniuliza hata neno moja ambalo lingenilazimisha kudanganya.

Binti yangu alikuwa anakwaruza sakafu kwa ukucha.

"Mimi ni wiki ya tatu," akasema.

Alikuwa anakaa kwenye ngazi za uwanja wa michezo na sare yake. Mama yake hutoka kabla ya alfajiri kupokea mzigo, hakujua. Ile shida niliyoiogopa ilikuwa imefika, na sikuwa mtu wa mwisho kuijua, nilikuwa wa kwanza, na sikujua la kufanya nayo. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia namfahamu mzee mmoja hapa hapa mjini, na kama anataka twende. Akauliza kama ni mwalimu. Nikasema hapana, alikuwa mlinzi wa geti. Hilo lilimfanya ainuke.

Tulimkuta kwenye veranda ya mpwa wake, kwenye mkeka, anachagua mawe kwenye mchele. Amekonda, miguu imevimba, sauti ile ile. Alinisalimia kana kwamba tuliachana jana, akaniuliza kama bado napasua kuni au zimenipasua. Binti yangu alimpigia magoti na kumwita Jaja, kama watoto wa kwetu wanavyomwita babu. Alimweleza yeye mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni, mambo ya wiki tatu. Afande hakushtuka. Aliuliza tu anaogopa nini zaidi, shule au ofisi ya mwalimu mkuu. Akasema ofisi.

"Haya," akasema Afande, akisukuma sinia kando na kunyoosha mgongo. "Mimi ni mwalimu mkuu. Mmeingia. Wewe msichana, wiki tatu ulikuwa wapi?"

Nikaanza kueleza kwamba mtoto huyu kwa kweli alikuwa na matatizo.

"Sijakuuliza wewe."

Binti yangu akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema darasani kwao wanapangwa kwenye mabenchi kwa maksi. Alikuwa mbele na Nambozo. Jaribio moja likamwangusha, akapelekwa benchi la mwisho karibu na mlango, peke yake, na mwalimu akasema wa pale wasisumbuliwe. Siku nne hakuna aliyemsemesha. Siku ya tano hakuona sababu ya kuingia.

"Unataka nini?" akauliza mwalimu mkuu wa kwenye mkeka.

"Kukaa na mtu."

"Hilo utalisema hivyo hivyo kesho ofisini. Usiongeze, usipunguze." Kisha macho yakanigeukia, na Kiswahili chake kikawa kile cha getini. "Na wewe, mzazi. Wiki tatu, wewe ulikuwa wapi?"

Nilitaka kumwambia tuliache, tumeshaelewa. Lakini binti yangu alikuwa ananitazama.

"Nilikuwa Malaba," nikasema. "Kabla ya hapo Tororo. Sikujua kwa sababu sikuwepo."

"Na sasa upo?"

"Nipo."

"Mpaka lini?"

Nimelala miji mingi na hakuna hata mmoja ambamo nilisema nitaondoka lini au nitakaa mpaka lini. Mpwa wa Afande alipita na ndoo ya maji, akasimama.

"Mpaka amalize shule," nikasema. "Nitatafuta kazi hapa hapa. Nitakaa Mbale."

Afande akakohoa, akavuta sinia lake la mchele, kana kwamba kazi imekwisha. Nikafungua mdomo nimshukuru, akanyoosha kidole kwa binti yangu, ambaye hakuwa amemaliza.

"Mwulize tena, Jaja," alisema.

Akaniuliza tena. Nikajibu tena, yale yale.

Jioni ile binti yangu mwenyewe alimwambia mama yake, mimi nikiwa nimekaa pembeni kuonekana tu. Kesho yake asubuhi tuliingia watatu ofisini. Mwalimu mkuu wa kweli alikuwa mama mpole mwenye miwani, alimsikiliza mtoto mpaka mwisho na kuandika jambo moja kwenye daftari. Mimi hakuniuliza nilikuwa wapi, wala nitakuwepo mpaka lini. Nilimjibu hata hivyo.